Nguo ya Bibi Arusi: Kununua, Kukodi na Kuazima

Darasa yetu ya mwezi huu imetokana na barua. Ndugu yetu mmoja aliyeko Loitokitok, mwenye asili ya Pwani na mwenye duka dogo la vyakula katika mji ule, ametuandikia kutuuliza juu ya nguo ya arusi ya binti yake. Mchumba ni kijana wa Mombasa. Amekwisha kukubaliwa, na mahari yamekwisha kutajwa. Arusi ilikuwa iwe Mfunguo Mosi. Ikasogezwa mpaka Mfunguo Tatu, kisha ikasogezwa tena, na sasa haina siku.

Kilichoizuia ni gauni. Jamaa za mume wametoa neno kwamba wangependa kumwona bibi arusi katika gauni jipya, jeupe, lenye mkia, mfano wa yale waliyovaa mabinti wengine wa ukoo wao. Baba mtu akafunga safari mpaka Nairobi. Bei aliyotajiwa ni shilingi 45,000. Akauliza bei ya kukodi kwa siku mbili, akaambiwa 15,000, na juu yake rehani ya kuweka mpaka gauni lirudi. Na biashara yake, asema, haijapata kusimama sawa tangu ukame wa mwaka 2021 na 2022, pale wateja wake wafugaji walipopoteza ng'ombe zao na madeni yakabaki katika daftari.

Anauliza mambo manne. Je, yafaa achukue mkopo wa simu alipe pole pole? Je, yafaa anunue gauni kwa fedha za mahari ya binti? Je, gauni la mtumba lafaa kuvaliwa siku kama ile? Na je, kuazima ni aibu? Swali hili la nne amelitia mwisho wa barua kwa maneno machache, kama mtu anayenong'ona. Nasi twaona hilo ndilo swali lenyewe, na hayo matatu yamelitangulia kwa ajili ya haya tu.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda hawaujui mji huu. Loitokitok uko katika kaunti ya Kajiado, juu ya miteremko ya kaskazini ya mlima Kilimanjaro, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ya mpaka ni Tarakea katika nchi ya Rombo. Atokaye Pwani aweza kupita Voi, Taveta na Illasit. Atokaye Nairobi hushuka njia kuu ya Mombasa mpaka Emali, kisha hukata kusini kupitia Kimana. Ni nchi ya Wamasai, na pamoja nao wanaishi Wakikuyu, Wakamba, Wachaga na Wasomali, na Waislamu wachache wa Pwani waliofuata riziki. Sokoni hupatikana vitunguu, maharagwe, mbuzi na marobota ya mitumba. Gauni walilolitaka jamaa za mume, muulizaji wetu hakuliona huko, na nauli ya kulitafutia mbali imekwisha kumla.

Na hapo mlangoni pake anao majirani. Binti wa Kimasai aolewapo hupambwa kwa ushanga uliotungwa kwa mikono ya mama yake na wanawake wa kwao. Hatusemi kwamba tuige mila za watu. Twasema kwamba hao hawajapoteza jambo ambalo sisi tunakaribia kulipoteza. Kwani Pwani yetu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Bibi arusi alivishwa kisutu, leso ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, akatiwa hina na somo yake na jamaa zake, na vyombo vya dhahabu vya shingoni na mikononi vilitoka katika masanduku ya mashangazi, vikarudi kesho yake katika masanduku yale yale. Hakuna aliyeuliza kipi chake na kipi cha kuazima, maana kila mtu alijua, na hapakuwa na la kuficha.

Sasa tuyatazame maneno ya sharia, tuanze na lililo jepesi. Ndoa katika madhehebu yetu ya Imam Shafii ina nguzo zake: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Gauni halimo. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipooa Madina, Mtume (S.A.W.) alimtambua kwa athari ya rangi ya manjano iliyokuwa juu yake, akamuuliza mahari aliyotoa, akamwombea baraka, akamwambia afanye karamu japo ya mbuzi mmoja. Na Bibi Fatma (R.A.), ambaye hakuna binti wa Mombasa wala wa Nairobi awezaye kujilinganisha naye, mahari yake ilikuwa deraya ya Sayyidna Ali, na vitu alivyotoka navyo kwa babake, katika riwaya ya Nasai, ni shuka ya mahameli, kiriba cha maji na mto uliojazwa majani ya idhkhiri. Vitu vitatu. Tena vyote vya kutumiwa nyumbani, hata kimoja hakikuwa cha kutazamwa na wageni.

Asije mtu akasema kwamba tunawataka mabinti zetu waolewe na nguo za jikoni. Qurani katika Suratul Aaraf imeamrisha watu wajipambe, na papo hapo ikakataza israfu, kisha ikamkemea mwenye kuharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Bibi arusi kupambwa ni sunna inayojulikana, na mwenye nafasi ana haki ya kumfurahisha mwanawe. Lakini mwenye nafasi na asiye nayo hawapewi amri moja. Suratut Talaq inasema kwa maana iliyo wazi kwamba mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichopewa. Mwenye duka Loitokitok ambaye daftari lake limejaa madeni ya watu amebanwa. Jamaa za mume wanamwomba atoe kwa wasaa wa mtu mwingine.

Na huu weupe wenyewe umetoka wapi? Wako wanaodhani kwamba gauni jeupe la arusi ni jambo la dini, au la Pwani tangu zamani. Si la dini wala si la Pwani. Hata Ulaya kwenyewe si la zamani sana: watu wao waliolewa na nguo za rangi mbalimbali, aghalabu nguo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo bibi arusi, ambazo aliendelea kuzivaa baada ya arusi. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa gauni la atlasi nyeupe lenye lesi, na picha zake zikaenea, ndipo matajiri wakafuata, na wasiokuwa matajiri wakawafuata matajiri. Nguo nyeupe ya kuvaliwa siku moja tu ilikuwa alama ya mtu asiyejali gharama ya dobi. Basi sisi tumelipokea gauni pamoja na gharama yake, tukaliita ada. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwaonya watu wa Pwani juu ya kuiga bila ya kupima, na jambo hili ni katika yale ambayo hatujayapima.

Hatusemi kwamba ni haramu kulivaa. Gauni likiwa la sitara, halionyeshi mwili wala halibani, wala halina alama ya dini nyingine, ni nguo kama nguo. Rangi ni shauri la mwenye kuvaa. Yeye akipenda jeupe, na avae jeupe. Akipenda la manjano au kisutu cha bibi yake, hakuna wa kumzuia. Tunalolikataa ni kuifanya rangi na upya wa kitambaa kuwa sharti la ndoa, hata vijana wawili waliokwisha kuchumbiana wakae mwaka mzima wakingoja cherehani. Na mwenye akili anajua ni mambo gani huingia katika kungoja huko.

Tuje kwenye mkopo. Kwa hili hatutarefusha. Mkopo ambao sharti lake ni kurudisha zaidi ya kilichokopwa ni riba, ukiitwa ada ya huduma au ukiitwa kwa jina lolote lingine. Kubadilishwa jina hakukibadilishi kitu. Na hata aliyeweka kando hukumu akatazama hesabu peke yake, ataona kwamba gauni linavaliwa saa chache na deni linavaliwa miezi. Ndugu yetu asiuguse.

Mahari ni jambo linalotaka uangalifu zaidi, kwa sababu hapa wazee wengi wema hukosea bila ya kujua. Mahari ni mali ya binti. Si ya baba, si ya mama, si ya mjomba aliyeyapokea katika bahasha. Suratun Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na ikahalalisha kula kile tu ambacho wao wenyewe wamekitoa kwa radhi ya nafsi zao. Basi baba akitoa shilingi 45,000 katika mahari akanunua gauni ambalo binti hakulitaka, amemnunulia mwanawe kitu kwa mali ya mwanawe ili awaridhishe watu wengine. Binti mwenyewe akisema, hali ana akili timamu na hakutishwa wala hakuonewa haya, kwamba fedha zake zinunue gauni, ni haki yake. Na sisi tungemshauri anunue pete au bangili ya dhahabu, kitu ambacho siku ya shida chaweza kuuzwa, kwani gauni lenye mkia siku ya shida haliuzwi hata kwa robo ya bei. Lakini aulizwe yeye, peke yake, na mtu asiyemwogopa. Katika barua yote ya ndugu yetu, kurasa mbili, hatukuona mahali palipotajwa binti amesema nini. Huenda hataki gauni lile hata kidogo.

Wengine huuliza: je, si mume mwenye kuwajibika na nguo? Nguo za mke ni wajibu wa mume baada ya mke kukabidhiwa kwake, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Nguo ya siku ya arusi ni ada tu. Ikiwa jamaa za mume wanayo ada ya kutaka gauni la namna fulani, mlango uko wazi: walete wao, kama waletavyo sanduku la nguo. Kumwekea mtu sharti kisha kumwachia gharama yake ni jambo ambalo hata sokoni halikubaliwi.

Mtumba hauna ubaya wowote. Nguo asili yake ni tohara mpaka ionekane najisi, na kuvaliwa kwanza na asiyekuwa Mwislamu hakuitii najisi. Mtume (S.A.W.) alivaa joho la Sham, na Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi; nalo mikono yake ilikuwa myembamba, hata alipotaka kutawadha ilimlazimu atoe mikono yake kwa chini. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Mughira bin Shuuba (R.A.). Basi gauni lililotoka katika robota la Ulaya, likafuliwa, likapigwa pasi, likatengenezwa, ni halali na ni zuri.

Anayenunua mtumba alitazame gauni mchana, nje ya kibanda, si chini ya taa. Aligeuze ndani nje. Makwapa ndiyo huchakaa mwanzo. Kisha mahali pa zipu. Kisha pindo la chini, ambalo limekwisha kufagia sakafu ya ukumbi mara moja au zaidi. Doa la kahawia juu ya kitambaa cheupe kilichowekwa miaka aghalabu halitoki, na muuzaji anayesema litatoka aulizwe kwa nini hajalitoa yeye. Lesi iangaliwe isiwe na misalaba, maana mengine yalishonewa kanisani. Kifua kilicho wazi na mikono isiyokuwapo si kizuizi: fundi huongeza kitambaa cha kifuani na mikono mirefu, na akishona kwa mkono kwa nyuzi pana, kitaweza kufumuliwa baadaye bila ya kuiharibu nguo. Na aliye na fundi mzuri karibu aweza kuacha mtumba na duka vyote viwili, akanunua kitambaa na bitana, akashonewa gauni la kawaida lisilo na mkia, ambalo binti atalivaa tena Idi na katika arusi za wenzake. Kwa fikira zetu hilo ndilo bora katika yote yanayonunuliwa.

Tena ajue mnunuzi haki yake. Kibao cha "mali iliyouzwa hairudishwi" hakiondoi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichika, iliyokuwamo kabla ya kuuzwa, ambayo mnunuzi hakuiona wala hakuambiwa, na yenye kupunguza thamani. Lakini arudishe mara anapoijua, asilivae kwanza arusini ndipo akumbuke sharia.

Sasa tufike kwenye lile alilolinong'ona.

Imam Bukhari katika Kitabu cha Hiba ameweka mlango maalumu wa kumwazimia bibi arusi, na ndani yake akaleta habari hii. Bwana mmoja, jina lake Ayman, aliingia kwa Bibi Aisha (R.A.) naye amevaa gauni la kitambaa kizito cha Kiyemeni, thamani yake dirhamu tano. Bibi Aisha akamwonyesha kijakazi wake, akamwambia amtazame huyu, anaona haya kulivaa gauni kama hili hata ndani ya nyumba. Kisha akamweleza kwamba katika zama za Mtume (S.A.W.) yeye alikuwa nalo gauni kama lile, na hakukuwa na mwanamke wa kupambwa kwa arusi katika mji wa Madina ila alituma kwake kuliazima.

Simameni hapa, ndugu zetu, mulitazame gauni hili. Ni moja. Ni la dirhamu tano. Limetoka katika nyumba ya mke wa Mtume, likazunguka Madina nyumba kwa nyumba, likavaliwa na bibi arusi huyu, likafuliwa, likarudi, likaombwa na mwingine. Masahaba waliowaoza mabinti zao katika gauni lile walikuwamo watu wa Badri na watu wa Uhudi. Jirani alipomwona bibi arusi alilijua gauni, kwani alikwisha kuliona mwezi uliopita juu ya mwili wa mwingine, na huenda yeye mwenyewe aliolewa nalo. Hakuna aliyekaa pembeni akasema hili ni lile la fulani. Au tuseme, aliyesema hivyo aliona ni sifa.

Imam Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, katika kuisherehesha hadithi hii amesema kwamba inatufundisha kuwa kumwazimia bibi arusi nguo ni jambo lililotendwa na linalopendekezwa, wala halihesabiwi kuwa ni fedheha. Angalia basi: miaka karibu mia sita iliyopita mwanachuoni ameona haja ya kusema si fedheha. Maana yake walikuwapo hata wakati ule walioanza kuona ni fedheha. Na Bibi Aisha mwenyewe alikwisha kuliona hilo katika uhai wake, ndiyo maana akamwonyesha mgeni wake yule kijakazi. Mali iliwafikia watu, na haya ikahama mahali pake.

Na Bibi Aisha hakuwa mwenye kuazimisha tu. Mkufu aliosafiri nao, ule uliopotea njiani watu wakasimama kuutafuta mpaka ikateremka aya ya kutayamamu, aliuazima kwa dada yake Asmaa (R.A.). Basi mke wa Mtume amevaa cha kuazima, na kwa sababu ya kile cha kuazima umma mzima ukapata ruhusa ambayo twaitumia mpaka leo. Ni nani basi katika sisi aliye na hadhi kubwa hata kuazima kumpunguze?

Twajua kilichoongezeka siku hizi. Ni picha. Zamani gauni lilionwa na waliokuwapo. Leo lapigwa picha, lafika kwenye simu za watu mia tatu kabla bibi arusi hajaketi, na mabinti huogopa kwamba picha mbili zitawekwa ubavu kwa ubavu. Hofu hiyo twaielewa, wala hatuwacheki. Lakini dawa yake iko mikononi mwa mama zetu zaidi kuliko mikononi mwa mabinti. Binti wa kwanza katika ukoo wenye jina na mali atakayevaa nguo ya kuazima na kusema wazi imetoka kwa nani, ndiye atakayewafungulia njia wengine kumi. Maskini hawezi kuufungua mlango huu. Akivaa cha kuazima husemwa hana. Mwenye nacho ndiye awezaye.

Na mwenye nguo naye ana lake. Suratul Maaun inawalaumu wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, na katika tafsiri iliyopokewa kwa Ibn Masuud (R.A.) na wengineo ni vitu kama ndoo, chungu na shoka, yaani kile ambacho watu huazimana. Gauni lililofungwa katika mfuko wa plastiki juu ya kabati kwa miaka minane, likigeuka rangi, lasemaje?

Lakini kuazima kuna hukumu zake, na ugomvi mwingi hutokana na kutozijua. Aria, yaani kitu cha kuazima, katika madhehebu yetu ni chenye dhamana. Mtume (S.A.W.) alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya kwa ajili ya vita vya Hunain, mwaka wa 8 wa Hijra, Safwan akauliza kama zanyang'anywa, naye akamjibu kwamba ni aria yenye dhamana. Kwa hiyo kilichochakaa kwa kule kuvaliwa kulikoruhusiwa hakilipwi: pindo likififia kwa kutembea, au jasho likapunguza mng'ao wa kitambaa, hakuna deni. Lakini kaa la chetezo likidondoka wakati wa kufukiza udi likalitoboa gauni, mwenye kuazima atalipa kilichopungua, hata kama hakufanya uzembe, kwa thamani ya siku ile lilipoharibika; halipi bei ya dukani ya siku lilipokuwa jipya. Mwenye nguo akipenda kusamehe, hiyo ni hisani yake, na asamehe baada ya kutokea; kushurutisha mapema kwamba hapana dhamana hakuna nguvu kwetu.

Aliyeazima haazimishi. Wifi akiliona gauni akalitaka kwa Jumapili ijayo, aelekezwe kwa mwenyewe. Mume naye haazimishi gauni la mkewe bila ya idhini ya mke, kwani si lake. Gharama ya kulirudisha, nauli ya basi kutoka Loitokitok mpaka Mombasa ikiwamo, ni juu ya aliyeazima, na kwa adabu na desturi alirudishe limefuliwa. Vilevile litumike kwa lile lililoombewa: lililoombwa kwa usiku wa arusi lisiende kupigwa picha kesho yake mbugani Amboseli.

Kukodi ni namna nyingine. Ni ijara, na sharti zake ni muda unaojulikana na ujira unaojulikana. Nguo ya kukodi mkononi mwa mkodi ni amana. Likiharibika pasipo taksiri yake halipi. Wenye maduka huandika kwamba kila kilichoharibika kitalipwa, kwa taksiri au bila taksiri. Maulamaa wetu hawalikubali sharti hilo, basi mtu asome karatasi na azungumze kabla ya kutia sahihi, na rehani aliyoweka adai irudi kamili. Kukodi si haramu wala si aibu. Twaona tu kwamba shilingi 15,000 kwa siku mbili, kwa mtu wa hali ya ndugu yetu, ni nyingi, ilhali Mombasa peke yake magauni yaliyolala makabatini hayana hesabu.

Kwa hiyo jibu letu kwake ni hili. Mkopo aache. Mahari asiyaguse. Amuulize binti yake. Kisha awaandikie jamaa za mume, kwa heshima, au amtume mtu mzima mwenye hekima, awaambie kwamba arusi itakuwa tarehe fulani, na bibi arusi atavaa kitakachopatikana kwa halali. Na wakitaka gauni la ukoo wao, waliazime kwa hao mabinti zao waliolivaa, walipande nalo siku ya kuja kumchukua. Twadhani watakubali. Wakikataa kumpokea binti wa watu kwa ajili ya kitambaa, baba amepata kuwajua mapema.

Tena limetupitia jambo ambalo twalitaka litendwe, lisiishie kusomwa. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa amepita Damascus miaka mitano kabla yake, mwaka 1326. Katika wakfu alizozikuta huko, ametaja wakfu za kuwapamba na kuwatayarisha mabibi arusi ambao jamaa zao hawana uwezo. Watu waliweka mali, wakafa, na mabinti wasiowajua wakaendelea kutolewa kwa heshima. Nguo yafaa kuwekwa wakfu, maana hutumika hali yenyewe ipo. Na wakfu una wepesi ambao aria haina: mwenye kutumia cha wakfu kwa mujibu wa sharti zake hukishika kama amana, mfano wa kata ya maji ya sabili, ambayo ikimvunjikia mnywaji pasipo uzembe halipi. Binti maskini avaa bila ya hofu ya kaa la chetezo.

Dada zetu wa darasa ya Alhamisi wameanza sanduku. Mpaka tuandikapo haya yamo magauni mawili na mitandio mitatu. Anayetaka kutoa atamke kwa ulimi wake kwamba ameweka wakfu kwa mabibi arusi wa Kiislamu wenye haja, wa Pwani au wa bara, kisha alipeleke likiwa limefuliwa. Abandike kwa pini karatasi yenye vipimo vya kifua, kiuno, na urefu kutoka begani mpaka kisiginoni. Na akiwa na kitambaa kilichobaki cha rangi ile ile akitie ndani, maana fundi atakihitaji kupanulia ubavuni.